Kadzo, Wamezifunika Mashine Zetu

Kadzo,

Mwalimu wa Kiswahili alitufunza kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kumjulia mtu hali. Hali yako naijua. Nilikuwapo Kakoneni walipokuzika, nimesimama nyuma ya kina mama wa kanisa lenu, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Kwa hivyo salamu naziruka. Nimekasirika, na nataka ulijue hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Nimekukasirikia wewe kwanza. Ulikuwa umeketi kwenye benchi nje ya maabara ya kompyuta, umejikunja, magoti yanakuuma mpaka jasho linakutoka, na bado ukanipa amri: "Narudi Jumatatu. Usiguse kitu." Nikasema haya. Sikugusa kitu. Jumatatu ikaja, wewe hukuja. Nyuma ya ile mashine ya dirishani kebo ikabaki imening'inia vile vile ulivyoiacha, nusu ya kazi, kwa sababu mimi ni mjinga wa kutii na wewe ni mwongo wa siku.

Halafu nimewakasirikia watu wa matangani. Kuna mzee mmoja, sijui ni nani wenu, alikuwa akipokea kikombe cha chai huku akisema, "Ah, huyu tulijua tu." Akavuta chai, akarudia, "Tangu mdogo tulijua." Walijua nini? Walijua hufiki darasa la tatu, ukafika. Walijua huwezi kumaliza la nane, ukamaliza, tena ukawa wa kwanza Muyeye nzima. Wewe mwenyewe uliniambia, unacheka, "Saumu, hawa wamenizika mara nne sasa, na kila wakinizika napita mtihani." Nilitaka kumwambia yule mzee hivyo. Sikusema. Unajua nilivyo. Nilikunywa chai yangu, chai ya matanga yako, nikaichukia kila funda.

Sasa nikueleze ya shuleni, maana hapo ndipo hasira yenyewe ilipo.

Walimu walikaa kikao wakaamua kukuenzi. Maabara yetu itaitwa kwa jina lako. Kibao kimeshachongwa, kimewekwa juu ya mlango: *Kadzo, aliyependa teknolojia.* Wafadhili wataleta vishikwambi vipya, vyembamba kama sahani, kila mwanafunzi akae na chake. Mpaka hapo, vizuri. Lakini ili vishikwambi vipate nafasi, ilibidi zile kompyuta kongwe sita zitolewe. Jumamosi baada ya kufungua maabara ingekuja pikapu ya mnunuzi wa vyuma chakavu.

Umenielewa? Wanakukumbuka kwa kuzitupa mashine zako.

Wewe ndiye uliyezifufua. Mimi nilishuhudia tu. Nakumbuka tuko kidato cha kwanza, hatujuani, ndiyo kwanza kompyuta zimeletwa kutoka ile hoteli ya ufuoni iliyofungwa. Zilikuwa za ofisini, nzito, za rangi ya meno ya mzee. Mwalimu Mutua wa kompyuta akaziwekea mfumo mpya, akaziunganisha, na mtandao ukawa unakwenda kama kobe. Ukituma picha moja kutoka mashine hii hadi ile, unaweza kwenda kununua bajia kwenye kantini ukarudi bado inavuka. Mwalimu akatikisa kichwa mbele ya darasa: "Hizi vitu zimezeeka. Hizi zimekufa, ni vile tu hazijaambiwa."

Ukainua mkono. "Mwalimu, umezipima?"

Akacheka. "Nipime nini? Mgonjwa si anaonekana?"

Ukasimama, mwembamba, macho yako ya manjano vile yalivyokuwa siku ambazo damu yako haikuwa nzuri. "Hata mimi naonekana, Mwalimu."

Mwalimu Mutua akatazama chini. Na mimi, ambaye sikuwa nimezungumza na mtu yeyote tangu muhula uanze, nilisema moyoni: huyu ndiye rafiki yangu, apende asipende.

Ulinifunza kupima. Ulisema kila kompyuta ina kadi ya mtandao, na hiyo ndiyo mdomo na masikio yake. Na ili mashine iweze kuiamrisha kadi yake, inahitaji programu ndogo inayoijua kadi hiyo kwa jina, nayo ni draiva. Mfumo mpya wa Mwalimu Mutua ulikuwa umechukua draiva ya jumla, inayojua kuzungumza na kila kadi maneno mawili matatu. "Kama mtalii anayenunua maembe kwa vidole," ukasema. "Maembe atayapata. Lakini soko zima litafungwa akiwa bado anaonyesha."

Ukakataa tupime kwa intaneti, kwa sababu hapo tungekuwa tunapima bando la shule. Tukaunganisha mashine mbili kwa kebo moja, uso kwa uso. Moja inatuma, nyingine inapokea, na programu inaandika kwenye skrini ni megabiti ngapi zinapita kwa sekunde. Kadi zile zinaweza mia moja. Sisi tukapata nane. Nane! Ukapiga makofi kama umeshinda bahati nasibu. Sikuelewa. Ukaniambia, "Kama zingekuwa zimekufa ingekuwa sifuri. Nane ni mtu anayepumua."

Ukazifungua moja moja, ukasoma maandishi madogo kwenye kila kadi, ukaitafutia kila moja draiva yake. Mashine ya kwanza ilipopata draiva yake tukapima tena, ikatoka tisini na nne. Nilipiga kelele. Mimi! Mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Ndipo ukaanza mambo yako. Kwamba mashine hizi zimetuzidi umri, basi adabu. Kila asubuhi tukiziwasha lazima tuseme "Shikamoo, bibi," na tusubiri ile sauti moja ya *pii* wanapoamka, hiyo ndiyo marahaba. Kwamba kipimo cha kwanza hakihesabiwi, kwa sababu bibi hajanywa chai. Kwamba namba zetu tuziandike ubavuni mwa mashine kwa kalamu ya wino mzito, mchana peupe, kila mtu azione. Na kwamba mashine ikileta shida, kabla hujailaumu, "mvue nguo kwanza." Fungua ubavu, toa vumbi, toa chochote kilichoifunika, iache ivute hewa, kisha upime. Kila ulipolisema hilo Fikirini, mcheshi wa darasa letu, alianguka kicheko huko nyuma, na wewe ulimtazama tu: "Cheka, lakini mvue."

Hayo yote yako yalikuwa yanakwenda kwenye pikapu.

Nilikwenda kumwona Mwalimu Mutua. Nilisimama mlangoni pa ofisi ya walimu mpaka walimu watatu wakaniuliza kama nimefukuzwa darasani. Alipotoka, nikamwambia kwa sauti ninayoijua mwenyewe, ile inayoishia kwenye kola, kwamba mashine ni nzima. Hakunikaripia. Akasema, "Saumu, sikiza. Mimi sina ubaya na hizo vitu. Lakini Madam ameshaamua, na wazazi wanataka kuona kitu mpya." Akakuna shingo. "Haya. Siku ya kufungua maabara, utapima mbele ya watu. Zikifika hata nusu ya zile namba mlikuwa mnaniimbia, nitamwambia Madam. Zisipofika, usinifuate tena na hii maneno."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Hata kusoma mashairi mbele ya darasa kunanitapisha, sembuse kupima mbele ya wazazi.

Siku ilipofika, nikaingia maabara nyuma ya wageni. Kadzo, wamezifunika mashine zetu.

Kila moja ilikuwa imevishwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye pindo la buluu na herufi ya jina lako katikati. Vizuri mno, kama vile vya kwenye makochi ya sebuleni siku ya Idi. Vimetiwa bitana nene, vimekunjwa mara mbili juu, vinashuka mpaka nyuma. Namba zetu za ubavuni hazionekani tena. Na kwenye kila skrini picha yako, ile ya kitambulisho, uliyoichukia. Mashine zilikuwa zimewashwa tangu asubuhi ili wageni wakute uso wako.

Nilijisikia kuzitwaa zile nguo nizirarue. Kisha Madam, Mwalimu Mkuu wetu, akasema, "Na tumshukuru mama yake Kadzo, aliyetufumia vitambaa hivi kwa mikono yake." Nikamwona mama yako mstari wa mbele, amejitanda leso, ameinama. Alipoinuka alisema maneno machache tu: "Nilitaka vumbi lisiingie vyombo vya mwanangu."

Kwa hivyo hata hasira yangu ikanyang'anywa. Nimkasirikie nani? Mama yako?

Mwalimu Mutua akaniita mbele. Wazazi wakageuza viti. Nikaanza kueleza draiva ni nini, na Fikirini akaropoka kutoka nyuma, "Sauti, dada! Ama hata wewe draiva imekataa?" Watu wakacheka. Masikio yakaniwaka. Nikaacha kueleza, nikachomeka kebo baina ya mashine ya kwanza na ya pili, nikaanzisha kipimo.

Cha kwanza nikakiacha kipite, kama ulivyosema. Nikaanzisha cha pili. Ikatoka tisini na moja, na nikasikia mtu akiguna kwa mshangao. Ikaja sabini. Ikaja arubaini na tano. Namba zilikuwa zinateremka ngazi mbele ya macho yangu: thelathini, ishirini, kumi na mbili. Mzazi mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Bwana Dinesh, akauliza kwa upole kabisa, "Binti, inatakiwa kushuka hivi?" Nikasema hapana. Fikirini akasema, "Bibi amechoka, mrudisheni nyumbani." Hata Mwalimu Mkuu akatabasamu.

Mwalimu Mutua akaniwekea mkono begani. "Si unaona? Zilikuwa nzuri wakati wake. Zimeenda."

Zimeenda. Neno lile lile walilolisema juu yako matangani, kwa sauti ile ile ya upole. Nilikuwa nimeshaanza kurudi kitini, nikupe kisogo wewe na mashine zako zote. Nikaegemea meza kidogo ili nipite, na mkono wangu ukagusa ubavu wa ile mashine kupitia kitambaa.

Ilikuwa ya moto kama kikaango cha chapati.

Kadzo, nilisikia sauti yako kama uko benchi la nyuma. Zile bitana, zimeshuka mpaka kwenye matundu ya kupumulia. Kompyuta ikizidiwa na joto hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue, na kadi kongwe kama zile haziwezi kazi peke yazo, hutegemea ubongo wa mashine. Ubongo ukizembea, nazo huzembea. Haikuwa uzee. Draiva yako ilikuwa nzima. Tulikuwa tumezivisha mpaka zimepata homa.

Lakini ili nilithibitishe hilo, lazima nikuvue wewe, rafiki yangu marehemu, vitambaa ulivyofumiwa na mama yako, mbele ya mama yako na mbele ya watu wote. Nilisimama pale. Mwishowe nikasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sauti yangu ilifika ukutani:

"Mama, nisamehe. Kadzo alikuwa akisema, kabla ya kuilaumu mashine, mvue nguo kwanza."

Nilidhani nimefanya kufuru. Mwalimu Mkuu alifungua mdomo. Mama yako akainuka.

Akasema, "Hilo ni langu."

Hakuna aliyeelewa. Akasogea mpaka penye mashine, akawageukia watu, na ndipo akaeleza. Kwamba ulipokuwa mdogo, ukipandwa na homa, hawe yako, bibi mzaa baba, alikuwa akikuzongazonga mablanketi na leso tatu nne, eti mtoto ana baridi, na yeye mama akirudi kutoka sokoni alikuwa akipiga kelele tangu uani, "Mvueni nguo kwanza! Mtoto anaungua, mvueni nguo!" Akasema, "Nilikuwa napigana na mama mkwe wangu kwa neno hilo. Sikujua kama Kadzo alilisikia. Sikujua kama alilishika."

Kisha akakamata pindo la buluu kwa mikono miwili, akakivuta kitambaa juu ya mashine ya kwanza kama anayemvua mtoto fulana. Akaenda ya pili. Mimi nikafuata ya tatu, Mwalimu Mutua ya nne, na Fikirini, ndiyo, Fikirini, akaja kimya akavua mbili zilizobaki, akavikunja vitambaa, akampa mama yako kwa adabu. Namba zetu zikatokea ubavuni, mwandiko wako uliolala upande.

Tulizizima zikapoa wakati Mwalimu Mkuu anatoa hotuba yake yote, na unajua hotuba zake. Tulipoziwasha tena zikalia *pii*, na mtoto mmoja wa kidato cha kwanza akasema "Marahaba" badala ya "Shikamoo," watu wakacheka, na safari hii kicheko hakikuniuma. Nikapima. Cha kwanza nikakiacha. Cha pili tisini na tatu. Kikakaa hapo hapo. Cha tatu tisini na tatu. Bwana Dinesh akaja akainama kwenye skrini, akavua miwani, akaivaa tena, akamwuliza Mwalimu Mkuu, "Kwa nini tunatupa?"

Mwalimu Mutua ndiye aliyesema, "Madam, nilimwambia nusu. Hii si nusu."

Mwalimu Mkuu akafikiri, kisha akasema mbele ya wote, "Basi zitakazokuwa nzima zibaki ukuta wa nyuma. Zibaki mpaka zife zenyewe."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, neno lile lilinichoma. Lakini nimelirudia kichwani siku zote hizi, na sijaona haki kubwa kuliko hiyo. Mpaka zife zenyewe. Wewe hukuwahi kuomba zaidi ya hapo. Uliomba watu wangoje.

Kabla ya Jumamosi nilizipima nyingine. Sikudanganya hata moja, ili usije ukanisuta. Mbili hazikufika popote. Nimezivua, nimezipoza, nimebadilisha kebo, nimejaribu kila draiva uliyokuwa nayo kwenye flashi yako. Kutu ya chumvi imeshakula kadi zake. Nilimwambia Mwalimu Mutua mwenyewe kwamba hizo ziende. Nililia zilipopakiwa, lakini zilikuwa zimepimwa. Nikamwona mzee wa chai akilini mwangu, nikasema, umeona, hivi ndivyo watu wanavyojua.

Hasira haijaisha. Usidhani nimekuandikia ili nikwambie kwamba nimepoa. Kile kibao juu ya mlango bado kinasema ulipenda teknolojia, kama vile mtu anavyopenda biriani. Wangeandika kwamba uliuliza. Selimundu, ile damu uliyozaliwa nayo, bado naichukia, na sina namna ya kuipima nikamwonyesha mtu kosa lake. Na kila Jumatatu asubuhi, tukiimba wimbo wa taifa, bado natazama geti.

Vitambaa vya mama yako sasa viko juu ya migongo ya viti. Ni yeye aliyependekeza. Akaniambia, "Huko vitafunika watu, si vyombo." Huja Ijumaa moja moja, akitoka sokoni, anakaa nyuma na kuniangalia nikifundisha. Ndiyo, nafundisha. Ni watoto wa kidato cha kwanza, na wengi ni wa Muyeye kama wewe, nyumbani hawana hata simu ya kubonyeza. Nawafunza kusema shikamoo. Nawafunza kwamba cha kwanza hakihesabiwi. Sauti bado inapotea njiani mara kwa mara, na Fikirini, ambaye sasa anakuja bila kuitwa, hunipigia kelele "Draiva!" nami huipandisha.

Ilikuwa imebaki moja tu, ile ya dirishani. Niliiacha ya mwisho. Ubavuni mwake hakukuwa na namba, kwa sababu siku ile uliishia katikati, ukaenda kukaa kwenye benchi. Mwalimu Mutua aliniuliza mara mbili kama ihesabiwe na zile zinazokwenda au zile zinazobaki. Nikamwambia sijui, haijapimwa. Akasema, "Na kwa nini hupimi?"

Jana nimegusa, Kadzo. Ulisema nisiguse mpaka urudi, na nimengoja kuliko ulivyostahili. Niliishika ile kebo palepale ulipoiachia, nikaichomeka. Nikaivua ubavu, nikapuliza vumbi, nikasema shikamoo. Ilichelewa sana kuitika. Namba iliyotoka ni sitini na moja. Si nzuri kama za wenzake, na inashuka na kupanda kama mtu anayepanda mlima. Nikachukua kalamu yako, nikaiandika ubavuni kwa mwandiko wangu, chini ya nafasi uliyokuwa umeiacha.

Inabaki. Hata kama kesho itatoka hamsini, inabaki. Nitaipima kila Jumatatu, na nakuahidi hakuna mtu atakayesema mbele yangu kwamba kitu, au mtu, kimekwenda, kabla sijamwuliza kwa sauti inayofika ukutani: umepima?

Lala, rafiki yangu. Wasikufunike sana huko.

Saumu